Haya Isiwaponze Vijana Wetu

Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini watambuliwe mkoani Kagera mwaka 1983, taifa letu limezika wengi na kujifunza mengi. Hata hivyo, wazazi wengi bado hawathubutu kuuzungumza ugonjwa huu na watoto wao.

Twatambua kwamba mila zetu zina haya. Lakini mila hizo hizo zilikuwa na jando na unyago, ambamo makungwi waliwafunda vijana mambo ya utu uzima. Mafunzo hayo yamefifia katika sehemu nyingi, na nafasi yake wameitwaa watu wazima wanaowahadaa mabinti wa shule kwa lifti, chipsi na simu.

Mwaka 2019 Bunge lilishusha umri wa kupima virusi bila idhini ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Hilo ni jambo jema, lakini halitoshi. Zipo dawa za kuzuia maambukizi kwa mtu aliyebakwa au aliyepasukiwa na kondomu. Sharti azianze kabla ya saa 72 kupita, na azimeze kwa siku 28. Kijana anayeogopa kusema nyumbani atazimaliza saa hizo akijificha.

Kwa hiyo twawasihi wazazi waseme na watoto wao mapema, bila matusi wala vitisho, juu ya kusubiri, kukataa, kujikinga na kupima. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na katika jambo hili ulimwengu hufunza kwa maradhi.