Mama alitaka wajue kuogelea tu, binti akarudi na dhahabu

Nyumba ya akina Johnson huko Miami, Marekani, ilikuwa na bwawa la kuogelea uani. Mama, muuguzi mwenye asili ya Jamaika, alikuwa akilea watoto watano peke yake. Kwa kuhofia ajali ya maji, aliwapeleka wote kujifunza kuogelea.

Mmoja wao, Ashleigh, aliyezaliwa mwaka 1994, alivutwa na polo ya majini. Ni mchezo wa timu za watu saba saba, na mchezaji asiye golikipa haruhusiwi kukanyaga chini ya bwawa. Ashleigh akawa golikipa.

Kipaji hakikumtoa shuleni. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Princeton, akasimamisha masomo kwa muda ili kujiandaa na Olimpiki ya Rio 2016. Hapo akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika timu ya Olimpiki ya Marekani ya mchezo huo. Waliifunga Italia 12-5 katika fainali. Mwaka uliofuata alihitimu shahada ya saikolojia.

Mwaka 2021 mjini Tokyo alivaa dhahabu ya pili. Paris 2024 timu yake iliishia nafasi ya nne, bila medali.

Ndiyo michezo: leo unapata, kesho unakosa. Lakini mama yule hakuwa akitafuta medali. Alitaka watoto wake watano wakiingia majini, watoke wazima. Hilo mzazi yeyote anaweza kulianza mapema.