Sensa, Mpaka na Sauti Yetu: Maeneo Bunge Huchorwaje?



Tukitembelea vikundi, kuna swali linalorudi kila mara: "Huu mpaka wa wadi yetu ulichorwa na nani?" Mara nyingi anayeuliza ni mama anayekaa ng'ambo ya mto usio na daraja. Ofisi ya wadi yake iko upande ule mwingine, na mvua kubwa ikinyesha fomu za basari humfikia zikiwa zimepitwa na tarehe. Wengine humjibu, "Hayo ni mambo ya wakubwa, mama. Wacha tuendelee na ajenda."

Sisi tunasema tusiendelee kwanza. Mpaka huchorwa kwa sheria, kwa hesabu na kwa maoni ya wananchi. Asiyejua njia hiyo huletewa mpaka uliokwisha kuchorwa. Basi tuifuate njia hiyo hatua kwa hatua.

KWA NINI TUHESABIWE

Tuseme kamati ya maji ina wajumbe wawili. Kijiji cha juu chenye watu 400 kimepewa mjumbe mmoja, na kijiji cha chini chenye watu 60 kimepewa mmoja pia. Bomba likipasuka, wote wawili wana kura sawa. Je, ni haki? Watu wa juu watanung'unika, na wana sababu.

Bunge ni kamati kama hiyo, ila ni kubwa zaidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 89, inasema Kenya itakuwa na maeneo bunge 290. Idadi hiyo haiongezwi na mtu kwa kupenda kwake. Kinachobadilika ni mahali mistari inapopita, kwa sababu watu huzaliwa, huhama na hufa. Kila baada ya miaka kumi serikali hufanya sensa, nasi tunaonekana tuko wangapi na tuko wapi. Kisha Tume ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, hutakiwa kupitia mipaka na majina ya maeneo bunge kila baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12.

HESABU YENYEWE

Hesabu hii hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Chukua watu wote wa Kenya, gawanya kwa 290. Sensa ya 2009 ilipata watu 38,610,097, kwa hiyo kila eneo bunge lingekuwa na watu kama 133,138. Sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296. Ukigawa, unapata watu kama 164,015 kwa kila eneo bunge. Wadi nazo ni 1,450, na hesabu ni ile ile: kwa sensa ya 2019, kila wadi ni watu kama 32,800.

Lakini nchi hii si shamba la chai lililo sawa kila mahali. Kuna milima, jangwa, visiwa na miji iliyosongamana. Kwa sababu hiyo Katiba inaruhusu kupungua au kuzidi. Kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache waliotawanyika, tofauti inaweza kufika asilimia 40. Kwingine kote mwisho ni asilimia 30. Kwa hesabu ya 2019, eneo bunge la kawaida liwe kati ya watu kama 114,800 na 213,200. La mjini au la nyika liwe kati ya watu kama 98,400 na 229,600.

Ni nini kinachoruhusu tofauti hiyo? Katiba inataja mambo haya: sura ya nchi na miji, umoja wa watu wa mahali, pamoja na historia, uchumi na utamaduni wao, na njia za mawasiliano. Yule mama wa ng'ambo ya mto asikie hapo. Mto wake usio na daraja umo katika Katiba, ila ni lazima mtu autaje mbele ya Tume.

YALIYOTOKEA 2012

Kabla ya 2012 tulikuwa na maeneo bunge 210. Katiba mpya iliongeza 80. Tazama tofauti iliyokuwapo: katika sensa ya 2009, Embakasi jijini Nairobi ilikuwa na watu 925,775 na mbunge mmoja tu. Lamu Mashariki ilikuwa na watu 18,841, nayo ilikuwa na mbunge mmoja. Yaani kwa kila mtu mmoja wa Lamu Mashariki, Embakasi kulikuwa na watu 49 wakigawana sauti ile ile.

Mwezi wa Machi 2012 Tume ilitangaza mipaka mipya, na Embakasi ikagawanywa mara tano. Lamu Mashariki je? Kwa hesabu tupu ingefutwa, maana ilikuwa chini sana hata ya kile kiwango cha asilimia 40. Lakini Katiba ilikuwa imeweka kinga: katika mapitio yale ya kwanza, hakuna eneo bunge lililokuwapo ambalo lingepotea. Maeneo bunge 27 yaliokolewa na kinga hiyo.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa ninyi mnaoishi katika maeneo hayo. Kinga ile ilikuwa ya mara moja. Katika mapitio yanayofuata haipo tena. Sensa ya 2019 iliipa Lamu Mashariki watu 22,258 tu, na kiwango cha chini kabisa ni watu kama 98,400. Mtu wa Faza atauliza, "Mnataka tuunganishwe na bara, na kwetu safari ni ya mashua?" Mtu wa mtaa uliosongamana Nairobi naye atauliza, "Kwani mimi ni nusu mtu?" Wote wawili wana haki. Sheria inataka tufike kwenye usawa hatua kwa hatua, na pia inataka jiografia iheshimiwe. Kupima mambo haya mawili ni kazi ngumu, na haifai kuachiwa wanasiasa peke yao.

KAZI ILIYOCHELEWA

Kutoka Machi 2012, miaka 12 iliisha Machi 2024. Mapitio hayakuwa yamefanyika. Sababu kubwa moja ni kwamba tangu mwanzo wa 2023 Tume haikuwa na makamishna, hadi walipoapishwa wapya Julai 2025. Septemba 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kuongeza muda uliowekwa na Katiba.

Kuna sharti lingine. Mapitio yanatakiwa kukamilika angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Yakikamilika kwa kuchelewa, mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo. Uchaguzi wa Agosti 2027 basi ulihitaji kazi imalizike kufikia Agosti 2026. Ona jinsi siku zinavyokula haki ya watu pole pole: mtoto aliyezaliwa mwaka mipaka ilipotangazwa atafika miaka 15 mwaka 2027.

Tena hesabu yenyewe huleta ugomvi. Agosti 2010 serikali ilikataa matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya 8 za Turkana na kaskazini mashariki, ikisema watu wameongezeka kupita kiasi. Kesi zikafuata. Januari 2025 Mahakama Kuu nayo ilifuta hesabu za 2019 katika sehemu za Mandera, Wajir na Garissa. Funzo ni hili: anayeandikisha watu hewa ananyang'anya jirani yake sauti, na anayemkimbia karani wa sensa anatupa yake mwenyewe. Sote wawili tunaumia.

MAMBO YANAYOCHANGANYWA

1. Mpaka wa eneo bunge si mpaka wa shamba. Wadi yako ikibadilika, hati yako ya ardhi inabaki vile vile. Msikubali mtu awachochee mpigane na jirani kwa sababu hiyo.

2. Mapitio haya hayabadilishi mipaka ya kaunti. Hiyo ina njia yake nyingine katika Katiba.

3. Wengine husema, "Haya ni ya wabunge, sisi tutafaidi nini?" Tangu Mfuko wa Maendeleo ya Eneo Bunge uanzishwe 2003, mpaka wa eneo bunge umeamua darasa lijengwe upande gani na basari zigawanywe kati ya watoto wangapi.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Msingoje gari lenye kipaza sauti. Anzeni sasa, pole pole.

Kwanza, tafuteni idadi ya watu wenu. Ripoti ya sensa ya 2019 inataja watu mpaka kila kata ndogo. Mwalimu au kijana aliye na simu nzuri atawasaidia kuipata.

Pili, chagueni watu watatu waandike karatasi moja au mbili. Waandike majina ya vijiji, mto au kilima kinachotenganisha watu, nauli ya kufika ofisi ya wadi, soko mnaloendea, zahanati na shule mnazotumia. Maneno kama "tumeonewa sana" hayatoshi. Andikeni, "Mvua ikinyesha tunazunguka kilomita fulani, na nauli ni shilingi kadhaa." Andikeni kwa Kiswahili bila aibu, Katiba inasema Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Tatu, Tume ikitangaza vikao vya maoni, nendeni na karatasi hiyo. Tume inalazimika kusikiliza wote wanaohusika. Mkabidhi nakala moja, nyingine ibaki na mwandishi wa kikundi.

Nne, mpaka ukichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na hamjaridhika, mnaweza kwenda Mahakama Kuu. Lakini ni ndani ya siku 30 tu. Kesi nayo iamuliwe ndani ya miezi mitatu. Siku ya 31 mlango umefungwa.

NENO LA MWISHO

Katika Biblia, kitabu cha Hesabu sura ya 26, Waisraeli wanahesabiwa ili nchi igawanywe kufuatana na idadi yao. Sura ya 27 inaanza na nini? Mabinti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakisema mgao umewasahau, kwa kuwa baba yao hakuacha mtoto wa kiume. Musa anapeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu anasema mabinti hao wamesema haki. Wakapewa urithi.

Tunawatakia vikundi vyetu moyo wa mabinti hao. Walikwenda mapema, kabla nchi haijagawanywa, na walijua wanachodai.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Wadi yetu ina vijiji gani, na ni kipi kilicho mbali zaidi na ofisi yake?

2. Kama eneo bunge letu lingeunganishwa na jirani, tungepoteza nini, na tungepata nini?

3. Jirani zetu walio wengi kuliko sisi wangekuwa na malalamiko gani ya haki? Je, tuko tayari kuwasikiliza?

4. Ni nani watatu tutakaowapa kazi ya kuandika, na watatuletea karatasi lini?