Kilburn: Barabara moja, halmashauri mbili na mtoto anayehitaji tiba shuleni

Kilburn High Road, kaskazini-magharibi mwa jiji la London, ni kipande cha barabara ya kale iliyotumiwa na Warumi. Leo ni mtaa wa maduka, mikahawa na vituo vya basi, ambako Waingereza, Waairishi, watu wa visiwa vya Karibi na Wasomali wameishi pamoja kwa miaka mingi. Mpita njia hawezi kujua kwamba katikati ya lami hiyo umepita mpaka. Upande wa magharibi unatawaliwa na halmashauri ya Brent na upande wa mashariki na halmashauri ya Camden, huku sehemu ya kusini ya Kilburn ikiangukia Westminster.

Kwa wengi jambo hilo huonekana tu katika bili ya kodi ya nyumba. Lakini kwa mzazi ambaye mwanawe ana ulemavu, upande wa barabara anakolala mtoto ndio unaoamua ni ofisi ipi itakayompimia mahitaji yake, na ni nani atakayewajibika kumpelekea shuleni mtaalamu ambaye watu wengi hawamfahamu hata kwa jina: mtoa tiba kwa vitendo.

Kazi ya mtoto

Nchini Tanzania taaluma hii huitwa tiba kwa vitendo, na wengine husema tiba kazi. Jina hilo la pili huwapotosha wasikilizaji, kwani mtoto hana ajira. Wataalamu wenyewe hueleza kwamba kazi ni lolote ambalo mtu hulifanya ili aishi siku yake: kuvaa, kula, kwenda msalani, kucheza, kuandika, kukaa na wenzake. Daktari huuliza mtoto ana ugonjwa gani. Mtoa tiba kwa vitendo huuliza ni jambo gani ambalo mtoto analitaka au analihitaji, lakini hawezi kulifanya, na ni nini kinachomzuia.

Nchini Uingereza taaluma hii ilianzia katika hospitali za wagonjwa wa akili, si shuleni. Margaret Barr Fulton, aliyeanza kazi huko Aberdeen, Scotland, mwaka 1925, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza mwenye sifa za taaluma hiyo kuajiriwa nchini humo. Mwaka 1930 Daktari Elizabeth Casson alifungua mjini Bristol chuo cha kwanza cha kuwafundisha. Leo mtu haruhusiwi kisheria kujiita kwa cheo hicho bila kusajiliwa na baraza linalosimamia wataalamu wa afya, na waliosajiliwa Uingereza nzima wamepita 40,000. Afrika Mashariki nayo ina vyuo vyake, kikiwemo cha hospitali ya KCMC mjini Moshi na kile cha mafunzo ya tiba cha serikali ya Kenya mjini Nairobi, ingawa idadi ya wahitimu bado ni ndogo mno ikilinganishwa na idadi ya watoto.

Namna kazi hiyo inavyofanyika darasani ni rahisi kuieleza kwa mfano. Mtoto wa miaka minane ana akili timamu, anajibu maswali yote kwa mdomo, lakini daftari lake ni tupu. Mwalimu humwona mvivu. Mtoa tiba anapofika hakimbilii kumpa mazoezi ya mkono. Kwanza hukaa nyuma ya darasa akatazama. Huenda akaona kwamba miguu ya mtoto inaning'inia kwa sababu kiti ni kirefu, na kwa hiyo mtoto anatumia nguvu zake zote kujizuia asianguke, mkono ukabaki bila mhimili wa kuandikia. Dawa ya tatizo hilo ni kiti kifupi zaidi au kibao cha kuwekea miguu. Ubao wa mteremko juu ya meza, penseli nene na karatasi yenye mistari iliyokolezwa rangi ni vifaa vya bei ndogo ambavyo mara nyingi hubadili kazi ya mwezi mzima.

Mwingine ana ile hali ambayo wataalamu huiita dispraksia, yaani ubongo hupata taabu kuupanga mwendo wa viungo ingawa misuli ni mizima. Inakadiriwa kwamba watoto takriban watano katika kila mia wana hali hiyo. Huyu hufunga vifungo vya shati kwa dakika kumi baada ya kipindi cha michezo, humwaga maji ya kunywa, huchaguliwa mwisho katika timu. Mtoa tiba humgawia kazi vipande vipande, akamfundisha kujiuliza mwenyewe: nataka kufanya nini, nitaanzia wapi, imekwendaje? Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo mambo huwa mazito zaidi: kiti cha pekee, vifaa vya kunyoosha mkono, winchi ya kumnyanyulia msalani, na mafunzo kwa mwalimu msaidizi ili asijiumize mgongo wala asimvunjie mtoto heshima yake.

Msalani, kwa hakika, ndiko siku ya shule inakoharibika au kutengenezeka kwa wanafunzi wengi wenye ulemavu. Mtoto asiyeweza kujisafisha huacha kunywa maji tangu asubuhi ili asiombe ruhusa. Ni jambo lisilotajwa katika ripoti za mitihani.

Majengo nayo yana neno lake. London bado inatumia shule nyingi zilizojengwa enzi za Malkia Victoria, zenye ghorofa kadhaa na ngazi nyembamba. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inazitaka shule zifanye marekebisho yanayofaa kwa wanafunzi wenye ulemavu, na tangu Septemba 2012 wajibu huo umejumuisha vifaa vya kuwasaidia. Haikuziamuru shule zibomoe kuta papo hapo, bali ziwe na mpango wa kuboresha majengo hatua kwa hatua. Hivyo mara nyingi ushauri wa mtoa tiba huwa ni wa busara ya kawaida: darasa la mtoto huyu lihamishiwe chini, badala ya kungojea lifti.

Si kila tiba inathibitika

Ni vyema kusema pia kwamba si yote yanayofanywa kwa jina la taaluma hii yana ushahidi sawa. Mmarekani Jean Ayres, aliyefariki dunia mwaka 1988, alibuni nadharia kwamba baadhi ya watoto hushindwa kuziunganisha hisi zao, yaani mguso, mwendo, sauti na mwanga. Kutokana na nadharia hiyo zilienea tiba za bembea na vyumba maalumu, hasa kwa watoto wenye usonji. Lakini utafiti uliofanywa huko Wales na Uingereza, ukiwahusisha watoto 138 wenye usonji, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2022, haukuona kwamba tiba hiyo iliwafaidi wengi wao kuliko huduma za kawaida. Njia zinazomfundisha mtoto kazi yenyewe anayoitaka, iwe kuendesha baiskeli au kuandika jina lake, zina ushahidi ulio imara zaidi. Hilo halimaanishi kwamba mtoto anayeziba masikio katika bwalo la chakula anajifanya. Lina maana kwamba kumpa mahali patulivu pa kulia chakula huenda kukamfaa kuliko bembea ya bei kubwa.

Huko Canada, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster walichukua mkondo mwingine. Badala ya kumtoa mtoto darasani kwa nusu saa kila juma, walimweka mtoa tiba ndani ya shule, afanye kazi bega kwa bega na mwalimu na kuwafikia hata watoto ambao hawajapewa jina la ugonjwa wowote. Huduma nyingi za Uingereza nazo sasa hupangwa kwa ngazi: ushauri kwa darasa zima, kisha makundi madogo, kisha mtoto mmoja mmoja. Wazazi wengine huushuku mpango huo, wakiona kwamba ni njia ya kuficha uhaba wa watumishi, na shaka yao haikosi msingi kila mara.

Sehemu F au sehemu G

Kabla ya Aprili 1971 watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili nchini Uingereza walihesabiwa kuwa hawafundishiki. Sheria iliyopitishwa mwaka 1970 ilifuta fikra hiyo. Mwaka 1978 kamati iliyoongozwa na Mary Warnock ilisema kwamba mtoto mmoja katika kila watano huenda akahitaji msaada maalumu wakati fulani wa masomo yake, na sheria ya mwaka 1981 ikaanzisha hati ya mahitaji ya mtoto. Tangu Septemba 2014 hati hiyo imefuatwa na mpango wa elimu, afya na huduma za jamii, unaoweza kuendelea hadi kijana afikishe miaka 25.

Mpango huo una sehemu zenye herufi, na hapo ndipo pana jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Msaada wa elimu huandikwa katika sehemu F, na ule wa afya katika sehemu G. Kilichoandikwa katika F halmashauri inalazimika kukitoa, na kisingizio cha kukosa fedha au mtaalamu hakikubaliki. Kilichoandikwa katika G ni wajibu wa idara ya afya, na mzazi hana nguvu zile zile za kuidai. Je, tiba kwa vitendo ni elimu au ni afya? Mwaka 1999, katika kesi iliyoihusu halmashauri ya Bromley, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba tiba kama hiyo yaweza kuwa elimu kwa mtoto mwenye ulemavu mkubwa. Sheria ya Watoto na Familia ya mwaka 2014 ikaliweka wazi zaidi: huduma ya afya inayomwelimisha au kumfunza mtoto ihesabiwe kuwa ni msaada wa elimu.

Maneno nayo huamua mengi. Mpango unaosema kwamba mtoto "atanufaika na ushauri wa mtoa tiba" haumpi kitu. Mpango unaosema atahudumiwa dakika 45 kila juma la muhula, na nani, unaweza kudaiwa. Tena, ripoti ya mtoa tiba si miongoni mwa zile ambazo halmashauri hulazimika kuziomba kwa kila mtoto. Lakini mzazi akiomba kwa sababu za msingi ushauri huo utafutwe, kanuni zinaitaka halmashauri kuutafuta. Wengi hawaambiwi hivyo.

Muda wa kisheria tangu kuomba tathmini hadi mpango kukamilika ni majuma 20. Kwa England nzima, mwaka 2023 karibu nusu tu ya mipango mipya ilitolewa ndani ya muda huo, na mwaka 2024 sehemu hiyo ilishuka hadi asilimia 46. Wakati huo huo idadi imepanda mno: Januari 2015 walikuwapo watoto na vijana takriban 240,000 wenye hati au mipango, na Januari 2025 walikuwa zaidi ya 638,000. Mzazi asiyeridhika anaweza kukata rufaa mbele ya baraza maalumu la mahitaji ya elimu, na katika mashauri yaliyoamuliwa na baraza hilo katika miaka ya karibuni, zaidi ya tisa katika kila kumi yamewapa wazazi haki, angalau kwa sehemu.

Mpaka wa zamani

Mpaka wa Kilburn haukuanza jana. Hadi mwaka 1965 barabara hiyo ilitenganisha mkoa wa London na mkoa wa Middlesex. Baada ya hapo shule za Camden na Westminster zikawa chini ya mamlaka moja kubwa ya elimu ya London ya ndani, iliyovunjwa mwaka 1990, wakati Brent, ikihesabiwa kuwa London ya nje, ilijiendeshea shule zake. Hata bodi za afya zilizoanzishwa Julai 2022 ziliiweka Brent katika kundi la kaskazini-magharibi na Camden katika kundi la kaskazini ya kati.

Watoto, hata hivyo, huvuka. Mtoto wa Brent anaweza kusoma Camden, na mpango wake ukabaki mikononi mwa Brent, kwani kinachotazamwa ni makazi. Shule moja yaweza hivyo kupokea wataalamu kutoka huduma mbili au tatu, kila mmoja na fomu zake.

Kwa familia zilizotoka Afrika Mashariki na Somalia ugumu huongezeka kwa lugha. Kiswahili kina neno usonji na kina mtindio wa ubongo, lakini hali nyingine hazijapata jina ambalo bibi wa mtoto atalielewa bila aibu wala hofu ya kurogwa. Huduma ya afya ya taifa hutoa wakalimani, na mzazi anaweza kumwomba mmoja kabla ya siku ya miadi. Si busara kumtumia mtoto mkubwa wa nyumbani kutafsiri habari za mdogo wake.

Familia ikihama kutoka upande mmoja wa Kilburn High Road hadi wa pili, mpango wa mtoto huhamishiwa halmashauri mpya. Tangu siku ya uhamisho halmashauri hiyo hulazimika kutoa yaliyomo, na ina majuma sita ya kumweleza mzazi ni lini itaupitia upya. Hadi hapo itakapoupitia, dakika 45 zilizoandikwa ng'ambo ya barabara zinabaki kuwa dakika 45.