Samaki Wekundu wa St. Lawrence: Wageni Waliodhaniwa Wenyeji

Mwaka 1995 Kanada ilipiga marufuku uvuvi wa kibiashara wa samaki wekundu katika Ghuba ya St. Lawrence, kwa kuwa walikuwa wamebaki wachache mno. Kisha vifaranga waliozaliwa 2003 wakaonekana kwa wingi kwenye nyavu za watafiti. Ilielekea kwamba subira imeanza kuzaa matunda. Miaka michache baadaye vifaranga hao hawakuonekana tena, na marufuku ilikuwa bado ipo. Walikwenda wapi?

Tatizo linaanzia kwenye jina. Sokoni ni samaki wekundu tu, lakini majini ni spishi mbili: Sebastes mentella, anayependa kina kirefu, na Sebastes fasciatus, wa kina kifupi kidogo. Kwa macho ni kama pacha. Mtaalamu huhesabu vijiti laini vya pezi la chini, karibu na mkia: saba au pungufu ni fasciatus, nane au zaidi ni mentella. Hata hapo hukosea, kwa sababu katika ghuba hii spishi hizo huzaliana.

Kuku chotara tunamjua, lakini yeye huletwa na mfugaji. Hawa hakuna aliyewakutanisha. Tena samaki wekundu hawamwagi mayai majini, mbegu za huyu zikaangukia mayai ya yule kwa bahati. Dume humpanda jike, mayai huanguliwa tumboni, na jike huzaa watoto wanaoogelea. Uchotara wao basi si ajali ya mawimbi. Machotara hao nao wamezaa na mojawapo ya pande mbili, hata wengi wao leo hufanana na upande mmoja huku wakibeba kipande cha urithi wa upande wa pili. Ajabu ni kwamba pamoja na kuchanganyika huko, spishi hazijawa moja.

Ndiyo maana jibu lilisubiri vinasaba. Watafiti walilinganisha DNA ya vifaranga wa 2003 na ya samaki wakubwa wa maeneo mbalimbali. Vifaranga walikuwa fasciatus, na urithi wao ulifanana na wa samaki wa nje ya ghuba, upande wa kusini mwa Newfoundland. Ghuba ilikuwa mahali pao pa kulelewa tu. Walipokua, wakarudi kwao. Tofauti na hao ni kizazi cha 1980: hao walikuwa mentella wenyeji, wakabaki, wakavuliwa kwa miaka.

Kwa hiyo vifaranga wengi walipojitokeza tena, waliozaliwa kati ya 2011 na 2013, swali la kwanza halikuwa ni wangapi, bali ni wa nani. DNA ilionyesha kwamba wengi wao ni mentella wa ghuba hiyohiyo. Walikaa. Mwaka 2024 uvuvi ukafunguliwa.

Binafsi naona ugumu sasa uko kwenye meli: kuwavua mentella bila kuwamaliza fasciatus. Wavu wa kukokota hauhesabu vijiti vya pezi, na hakuna baharia atakayepima DNA ya kila samaki anayemwagwa sitahani. Kilichobaki mkononi mwa nahodha ni kina: akishusha wavu chini zaidi, atawapata zaidi mentella, na fasciatus, wenyeji kwa wageni, watasalimika kwa wingi huko juu.