Umri wa Tangi na Uhai wa Anemoni wa Bahari: Suala la Ufugaji na la Sera

Utangulizi

Mwaka 1828 mtaalamu wa viumbe John Graham Dalyell alimchukua anemoni wa bahari kutoka ufuko wa North Berwick, Uskoti, akamweka katika chupa ya kioo. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni wake aliendelea kuishi mikononi mwa walezi wengine hadi mwaka 1887. Hakuwashiwa taa wala kuwekewa pampu. Alibadilishiwa maji ya bahari na kulishwa vipande vya kome. Hata hivyo, katika matangi ya kisasa yaliyosheheni vifaa, si ajabu anemoni kufa katika miezi yake ya mwanzo. Makala haya yanaeleza chanzo cha tofauti hiyo na kuonyesha kwa nini jambo linaloonekana kuwa la burudani ya nyumbani linawahusu pia wasimamizi wa miamba ya matumbawe katika Bahari ya Hindi Magharibi.

Tahadhari moja inahitajika kuhusu mfano wa Dalyell. Mnyama wake alikuwa wa spishi Actinia equina, mkazi wa majabali yanayoachwa wazi maji yanapokupwa. Amezoea jua, mvua na saa nyingi nje ya maji. Anemoni wanaopendwa na wafugaji, kama Entacmaea quadricolor na Heteractis magnifica, hutoka katika miamba ya matumbawe ya nchi za joto, ambako joto na chumvi ya maji hubadilika kidogo sana. Tena, hao hubeba mwilini mwani wa seli moja unaowapatia sehemu kubwa ya chakula kwa njia ya usanisinuru. Atakayewalea kwa mazoea ya Uskoti atawaua kwa giza.

Upungufu wa tangi jipya

Tangi jipya linaweza kuwa na maji maangavu na bado likawa sumu. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Baharini amonia hiyo huchanganyika na maji mengi mno, lakini tangini hubaki palepale. Aidha, maji ya bahari yana hali ya kialkali, pH ya takriban 8.2, na katika hali hiyo sehemu ya amonia iliyo katika umbo lake la sumu huwa kubwa kuliko katika maji yenye pH ya chini. Kinachookoa tangi ni bakteria wanaoishi juu ya mawe na mchanga: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, na jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kuongezeka kiasi cha kutosha.

Hapa ndipo wengi hukosea. Vipimo vya amonia na nitriti vinapofika sifuri, mfugaji hudhani tangi limekomaa. Samaki wastahimilivu wanaweza kuingizwa wakati huo, lakini anemoni hapana. Kwake, wafugaji wazoefu hupendekeza kungoja miezi 6, na wengine mwaka mzima. Sababu ni kwamba mwili wake ni laini, hauna gamba wala magamba ya kuukinga, na mabadiliko ya maji humgusa moja kwa moja. Chukua mfano wa tangi la lita 100 lenye chumvi gramu 35 kwa kila lita. Lita 5 zikipotea kwa mvuke bila kufidiwa kwa maji baridi, chumvi hupanda hadi karibu gramu 36.8. Mabadiliko ya namna hiyo yakirudiwa kila juma humchosha anemoni, ingawa kila kipimo kikitazamwa peke yake kinaonekana cha kuridhisha. Miezi ya kungoja humpa mfugaji nafasi ya kulijua tangi lake, na huenda hilo ndilo lenye thamani kubwa kuliko hata bakteria.

Matunzo na dalili

Joto la nyuzi 24 hadi 27 za selsiasi, mwanga mkali na mkondo wa wastani vinatosha. Anemoni asiyeridhika na mahali alipo huondoka na kutembea kwa mguu wake, na mdomo wa pampu usiofunikwa kwa sponji unaweza kumnyofoa vipandevipande. Dawa zenye shaba, zinazotumika kutibu samaki, humuua. Vipande vidogo vya kamba mara moja au mbili kwa wiki ni lishe tosha.

Kusinyaa kwa saa kadhaa ni kawaida; hutoa maji machafu kisha akajijaza upya. Kinywa kinachobaki wazi, minyiri iliyolegea na mguu usioshika jiwe ni dalili mbaya. Weupe wa mwili, ambao mnunuzi asiyejua huuona kuwa urembo, humaanisha kuwa amepoteza mwani wake na ana njaa. Akifa aondolewe mara moja, kwani huoza upesi na kuchafua tangi zima.

Mwambani na sokoni

Pwani ya Kenya huuza nje samaki wa mapambo pamoja na wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo. Anemoni akitolewa mwambani, samaki kama Amphiprion allardi wa Afrika Mashariki hupoteza makao, maana porini hawaishi bila mwenyeji huyo. Wakati huohuo, matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, ilhali anemoni hawamo. Kwa hiyo anayekufa katika tangi changa la ughaibuni na kununuliwa mwingine badala yake haachi kumbukumbu yoyote katika vibali vya mkataba huo.

Vibali vya kitaifa vinaweza kuziba sehemu ya pengo hilo endapo vitatenganisha spishi. Entacmaea quadricolor hujigawa mara mbili akitunzwa vyema, na wazao wake huweza kutosheleza sehemu ya soko. Jamii ya Stichodactyla, wenye umbo la zulia, ni nadra kujigawa tangini. Karibu kila mmoja anayeuzwa ametolewa baharini.