Kabla ya Mwali, Msumeno

Ndege ndogo kama Piper J-3 Cub ina kiunzi cha mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa, kisha kikavikwa kitambaa. Nchini Marekani wako wanaojijengea ndege za namna hiyo nyumbani, na chama chao, EAA, kipo tangu 1953. Bomba likipungua urefu au likipinda, sharti liungwe. Hapo wengi huuliza ni fundi gani mwenye mkono mzuri wa mwali, ilhali la kuulizwa kwanza ni msumeno umepita vipi.

Chuma kinachopendwa ni 4130, chenye kromiamu na molibdenamu, na ukuta wa bomba mara nyingi una unene wa milimita 0.9 tu. Joto la kuchomelea hubadili tabia ya chuma kilicho kando ya mshono na kukidhoofisha. Bomba likikatwa wima na kuungwa ncha kwa ncha, udhaifu huo hulizunguka kama pete, na mtikisiko wa injini hupata pa kuanzishia ufa. Ndiyo maana mwongozo wa ukarabati wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, huonyesha mkato wa mshazari wa nyuzi 30, au ncha iliyochongwa mfano wa mdomo wa samaki. Bomba la kipenyo cha milimita 25 likikatwa kwa mshazari huo, mshono husambaa kwenye urefu wa milimita 43 hivi. Ndani hupenyezwa kipande cha bomba dogo, na kati ya ncha mbili huachwa mwanya wa milimita 3, ili mshono ushike vipande vyote vitatu.

Mchomeleaji hodari atasema mshono wake una nguvu kuliko bomba lenyewe. Huenda ni kweli, ila ufa hupenda kuanzia pembeni mwa mshono, na huko ustadi wake haufiki. Mwingine atatetea TIG, uchomeleaji wa umeme ambao joto lake hukaa mahali padogo. Hata hivyo, eneo lililopungua nguvu bado lipo, na chuma hiki kikipoa ghafla huwa kigumu na chepesi kuvunjika. Wa tatu atashauri kununua bomba refu. Hilo halina ubishi, isipokuwa mabomba marefu ya ubavuni hupunguzwa kipenyo kuelekea mkiani, kwa hiyo jembamba litaingizwa ndani ya nene tu.

Basi anayejenga ndege ashinde kwanza na msumeno, tupa na kipimapembe. Ncha zisipokaa sawa, akate upya. Mtungi wa gesi ungoje.