Kutoga Sikio ni Dakika Moja, Kulea Jeraha ni Majuma

Miongoni mwa desturi zilizoenea katika nyumba zetu, kambini na vijijini, ni kuwatoga masikio watoto wa kike. Sindano hupita kwa kufumba na kufumbua, mtoto hulia kidogo, hereni hutiwa, na jamaa husifu jinsi binti alivyopendeza. Hapo wengi hudhani kwamba kazi imekwisha. La hasha! Hapo ndipo kazi inapoanza.

Yafaa tufahamu, ndugu wasomaji, kwamba tundu jipya la sikio ni jeraha kamili. Lina milango miwili, mbele na nyuma, na katikati yake limepitishwa kitu kigeni. Ngozi hupona kutoka nje kwenda ndani. Kwa hiyo sikio laweza kuonekana limepona hali ndani yake bado ni bichi. Ncha laini ya chini huchukua majuma 6 hadi 8. Sehemu ngumu ya juu, iitwayo gegedu, haina mishipa yake ya damu, na huweza kuchukua miezi 4 hadi mwaka mzima. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa kisukari muda huo huweza kurefuka zaidi.

Kabla ya sindano, mzazi ajiulize mambo mawili. La kwanza: je, mtoto amekwisha kuchanjwa? Hapa Uganda, chanjo inayokinga pepopunda hutolewa mtoto anapofikisha majuma 6, 10 na 14. Ni busara kungoja zote zikamilike. La pili: je, sindano ni mpya, nayo imefunguliwa mbele ya macho yetu? Sindano moja ikipita katika masikio ya watoto watano wa majirani, yaweza kuhamisha homa ya ini aina ya B na hata virusi vya UKIMWI. Ujirani mwema hauhitaji kushirikiana sindano.

Baada ya kutoga, matunzo ni rahisi, wala hayahitaji fedha nyingi. Chemsha maji, uyaache yapoe, kisha koroga robo kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja. Usizidishe chumvi kwa kudhani dawa kali ndiyo dawa njema, maana chumvi nyingi huchoma na kukausha ngozi. Nawa mikono kwa sabuni. Lowesha kitambaa safi cha shashi, ukiweke mbele na nyuma ya tundu kwa dakika chache, mpaka magamba yalainike na kutoka yenyewe. Kausha taratibu kwa kitambaa kingine safi. Fanya hivyo mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, na kila siku utengeneze maji mapya.

Wengi walifundishwa kuzungusha hereni ili isigande. Siku hizi wataalamu hawashauri hivyo, kwa sababu kuzungusha huchana ngozi changa na kuingiza uchafu ndani. Spiriti nayo huunguza ngozi hiyo hiyo inayojaribu kujijenga. Ama majivu, masizi, dawa ya meno na samadi ya ng'ombe, hivyo visikaribie kabisa. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika samadi, na pepopunda huua. Mila ya kutoga tunaiheshimu. Samadi juu ya jeraha hatuwezi kuiheshimu.

Yapo pia mambo madogo ya nyumbani yanayosahauliwa. Msusi aambiwe mapema kwamba sikio ni bichi, ili nyuzi na mafuta ya nywele visiligusi. Sweta la shule livuliwe polepole. Foronya ya mto ibadilishwe mara kwa mara. Mtoto asiogelee mtoni wala ziwani mpaka jeraha lipone. Na baba anayerudi likizo na hereni nzito mfukoni, tunamwomba azihifadhi kwanza. Hereni ya kuanzia iwe nyepesi, ya dhahabu halisi, titani, au chuma cha pua cha hospitali. Zile za bei rahisi mara nyingi huwa na nikeli, ambayo huwasha na kutoa vipele kwa watu wengi. Hereni hiyo ya kwanza isivuliwe kabla ya majuma 6, kwani tundu changa huziba upesi. Kwa sababu hiyo, askari wa kike aulize kwanza kanuni za kikosi chake, asije akaamriwa kuivua mapema.

Je, hatari huonekanaje? Wekundu kidogo, uvimbe mdogo na maji meupe katika siku za mwanzo ni hali ya kawaida. Lakini sikio likizidi kuvimba, likiwa la moto, likitoa usaha wa manjano au wa kijani wenye harufu, au mtoto akishikwa na homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usivue hereni kwa shauri lako mwenyewe, kwa maana tundu laweza kuziba na kufungia usaha ndani. Maumivu ya gegedu yasingojewe hata siku moja, kwani usaha ukiishambulia, sikio hukunjamana na halirudi umbo lake. Mtoto akikaza taya au shingo, hiyo ni dharura. Akimbizwe hospitali mara moja, iwe mchana au usiku.

Mwishoni, iangalieni historia ya ukoo. Iwapo mama, shangazi au bibi ana kovu lililofura na kukua kupita jeraha lenyewe, binti naye yumo hatarini. Kovu la namna hiyo, yaani keloidi, huwapata zaidi watu weusi, na likikatwa laweza kurudi kubwa kuliko la kwanza. Katika nyumba kama hiyo si aibu kuamua kutotoga kabisa.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Maji ya chumvi, sabuni na subira ya majuma machache vimo katika uwezo wa kila nyumba ya askari. Urembo wa binti ni furaha ya wazazi. Basi na tuulinde mpaka jeraha lipone.